Maisha ya Luchino Visconti: Mwana wa Kasri, Askari wa Farasi na Bingwa wa Sinema

Askari aliyewahi kupangiwa zamu ya usiku kando ya Ziwa Kivu, hapa Gisenyi, anayajua vyema majumba ya zamani yaliyojengwa ufukoni enzi za ukoloni: baraza pana inayotazama maji, bustani yenye miti mirefu, lango la chuma lililoanza kula kutu. Mengine yamegeuzwa kuwa hoteli na ofisi. Lakini yapo yale ambayo usiku taa huwaka katika dirisha moja tu, na madirisha mengine yote ni giza. Anayepita nje na bunduki yake begani hujiuliza ni nani aliyemo humo, na vile vyumba vingine vyote vina kazi gani.

Swali la namna hiyo lilitengenezewa filamu nchini Italia mwaka 1974. Aliyeiongoza filamu hiyo alikuwa amezaliwa katika majumba makubwa kuliko haya yetu mara nyingi, na wakati huo alikuwa hawezi tena kutembea bila msaada. Jina lake ni Luchino Visconti. Maisha yake yanastahili kusimuliwa katika ukurasa huu kwa kuwa aliwahi kuvaa sare, aliwahi kutiwa nguvuni na polisi wa utawala dhalimu na kuambiwa atapigwa risasi, na katika uzee wake, mwili ulipokataa kutii amri, alikataa kuondoka katika lindo lake.

Visconti alizaliwa mjini Milan tarehe 2 Novemba 1906, siku ambayo Wakatoliki huwakumbuka marehemu wao. Ukoo wa Visconti uliutawala mji huo katika karne za kale, na baba yake alirithi cheo cha kimwinyi kutokana na asili hiyo. Mama yake, Carla Erba, hakutoka katika ukoo wa watawala. Alitoka katika ukoo wa fedha, kwani jamaa zake walikuwa na kampuni ya dawa iliyojulikana Italia nzima. Hivyo Luchino, mtoto wa nne kati ya saba, alizaliwa akiwa na jina kutoka upande mmoja na mali kutoka upande wa pili. Nyumba yao ilikuwa na ukumbi wake wa michezo ya kuigiza. Katika jumba la opera la La Scala walikuwa na chumba chao cha kutazamia, na mtoto alianza kuingia humo akiwa bado mdogo. Asubuhi na mapema mama aliwasimamia watoto katika masomo ya muziki, na Luchino alijifunza kupiga sello, lile zeze kubwa la Kizungu linaloshikwa katikati ya magoti.

Mtoto huyo aliyekuwa na kila kitu alikuwa mtoro. Alitoroka nyumbani na shuleni. Baadaye wazazi wake walitengana, na mama akahamia Cernobbio, katika jumba la ukoo wake lililo kwenye Ziwa Como, kaskazini mwa Italia chini ya milima ya Alpi. Msomaji na alikumbuke jumba hilo, kwa maana tutalirudia.

Mwaka 1926 aliingia jeshini, katika kikosi cha askari wa farasi cha Savoia, akapelekwa Pinerolo, mahali palipokuwa na chuo cha wapanda farasi chenye sifa Ulaya nzima. Wengi wetu tuliopitia chuo cha kadeti hatukupata kumpanda farasi hata siku moja, na ni vigumu kwetu kuelewa kazi ile ilivyokuwa: farasi halishwi kwa ratiba ya mwenye njaa bali kwa ratiba ya farasi, na askari hapumziki mpaka mnyama apumzike. Kijana wa kasri aliipenda nidhamu hiyo kuliko jambo lolote alilofundishwa hapo kabla. Alipotoka jeshini alitumia karibu miaka minane akifuga na kufundisha farasi wa mashindano huko Milan, na watu waliofanya kazi naye katika sinema baadaye walisema kwamba aliendesha shughuli kama kamanda: kufika kwa wakati, hakuna mzaha, na kosa dogo halisamehewi kwa sababu ya udogo wake.

Mwaka 1929 lilimpata jambo ambalo alilibeba maisha yake yote. Akiwa anaendesha gari yeye mwenyewe, lilitokea ajali, na dereva wa familia aliyekuwa naye ndani ya gari akafa. Visconti aliiacha starehe ya Milan akaenda jangwani, kaskazini mwa Afrika, akakaa huko kwa muda mbali na watu. Fedha ilikuwapo ya kutengeneza gari na kulipa kila deni, lakini haikuwapo ya kumrudisha dereva.

Miaka ya 1930 alikwenda Paris. Mshonaji mashuhuri wa mavazi, Coco Chanel, alimjulisha kwa Jean Renoir, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, na mwaka 1936 Visconti akawa mmoja wa wasaidizi wake. Wafanyakazi wa Renoir walikuwa watu wa mrengo wa kushoto, na huyu mwana wa mamwinyi alipofika kwao walimtazama kwa shaka. Alirudi Italia akiwa mtu mwingine, mpinzani wa Mafashisti na rafiki wa Wakomunisti. Mama yake alifariki mwaka 1939. Alipotaka kutengeneza filamu yake ya kwanza, Ossessione, iliyoonyeshwa mwaka 1943, inasimuliwa kwamba aliuza vito alivyoachiwa na mama huyo ili kupata fedha. Filamu ilionyesha umaskini na maovu ya Italia ambayo wakubwa wa wakati huo hawakutaka yaonekane, ikapigwa marufuku sehemu nyingi.

Septemba 1943 Italia ilisalimu amri kwa majeshi ya Muungano, na Wajerumani wakaikalia Roma. Hapo ndipo jumba la tajiri lilipopata kazi nyingine. Katika nyumba yake ya Roma Visconti aliwaficha wapiganaji wa siri pamoja na askari wa majeshi ya Muungano waliotoroka kutoka mahabusu. Kila aliyewahi kulinda raia wakati wa hatari anajua gharama ya jambo hilo. Anayeficha mtu mmoja huiweka rehani roho yake na roho za wote wanaolala chini ya paa lile, pamoja na mpishi na mtunza bustani ambao hawakuulizwa.

Aprili 1944 alikamatwa. Waliomkamata walikuwa watu wa kikosi maalumu cha polisi kilichoongozwa na kijana mmoja, Pietro Koch, ambacho kilifanya kazi bega kwa bega na Wajerumani na kiliogopwa Roma nzima kwa mateso yake. Makao yao yalikuwa nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Pensione Jaccarino. Visconti aliambiwa kwamba atapigwa risasi. Mwigizaji wa kike, Maria Denis, aliyekuwa na njia ya kumfikia Koch, alimwombea mpaka maisha yake yakahifadhiwa, na tarehe 4 Juni 1944 majeshi ya Muungano yaliingia Roma.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Koch alishtakiwa, na Visconti akatoa ushahidi dhidi yake. Tarehe 5 Juni 1945 Koch, akiwa na umri wa miaka 26 tu, alipigwa risasi katika ngome ya Bravetta. Nyuma ya kamera iliyoirekodi hukumu hiyo alisimama Visconti, na picha hizo zikaingia katika filamu ya kumbukumbu za vita, Giorni di gloria. Mtu aliyetakiwa kusimama mbele ya bunduki alimtazama mtesi wake akisimama mahali pale pale. Hakuna mahali alipojionyesha akifurahi kwa hilo. Kikosi cha Koch kilivunjwa, na polisi wa Italia walianza kazi ndefu ya kurudisha imani ya wananchi.

Baada ya vita Visconti alikwenda Sicily, katika kijiji cha wavuvi cha Aci Trezza, akatengeneza La terra trema, iliyotoka mwaka 1948. Maana ya jina hilo ni ardhi inatetemeka, na sisi tunaoishi chini ya Nyiragongo, tulioona mwaka 2002 na 2021, hatuhitaji kufafanuliwa. Humo hakutumia mwigizaji hata mmoja wa kazi hiyo. Wavuvi wenyewe waliigiza kwa lahaja yao, wakionyesha namna wachuuzi wa samaki wanavyowanyonya.

Wapo waliomlaumu, na lawama yao si ya bure. Walisema kwamba mtu huyu alisimama upande wa Wakomunisti mchana na usiku akalala katika kasri, akihudumiwa na watumishi. Ni kweli. Hakuwahi kuacha kuishi kimwinyi, na fedha zilimpita mikononi kama maji. Lakini wavuvi wa Aci Trezza walipata filamu iliyowasikiliza, na si wengi kati ya wale waliomlaumu waliokwenda kukaa nao miezi ile yote.

Kazi zake za miaka iliyofuata ni nyingi mno kwa ukurasa huu. Aliongoza michezo ya jukwaani na opera, akamwongoza mwimbaji Maria Callas pale pale La Scala alipokuwa akiletwa utotoni. Mwaka 1960 alitoa Rocco e i suoi fratelli, habari za ndugu watano maskini kutoka kusini waliohamia Milan. Kisha ikaja ile iliyompa jina dunia nzima.

Il Gattopardo ilitoka mwaka 1963 na kutwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes, Ufaransa. Imechukuliwa kutoka katika kitabu cha Giuseppe Tomasi di Lampedusa, na inamhusu mwinyi wa Sicily, Mwana wa Mfalme wa Salina, ambaye baada ya mwaka 1860 anaiona dunia yake ikimalizika, na matajiri wapya wakiingia kwa mlango wa mbele. Kwa nafasi hiyo walimleta Mmarekani, Burt Lancaster, aliyeanza maisha kama mwanasarakasi na aliyetumikia jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata huko Italia. Visconti hakumtaka. Alimwona kuwa mtu wa filamu za bunduki na farasi. Wakaanza kazi kwa ubaridi, wakamaliza wakiwa marafiki. Walizaliwa tarehe moja, 2 Novemba, wakipishana miaka saba.

Sehemu ya mwisho ya filamu hiyo ni dansi moja ndefu ya karibu dakika 45, iliyopigwa picha usiku katika kasri la Palermo, kwenye joto la kiangazi, chini ya mishumaa ya kweli. Inasemekana kwamba hata makabati ambayo hayakufunguliwa yalijazwa nguo za kweli, maana Visconti aliamini mwigizaji atatembea tofauti akijua kabati limejaa. Katikati ya ngoma hiyo mzee wa Salina anajitenga na watu, anatazama mchoro wa mtu anayekata roho kitandani, kisha anajitazama katika kioo. Ukumbi umejaa, muziki unapigwa, wote wanamheshimu, naye yuko peke yake.

Tangu hapo Visconti hakuliacha jambo hilo. Mwaka 1971 alitoa Morte a Venezia, habari za msanii mzee anayefia katika mji wa mapumziko ya matajiri. Kisha akaanza filamu ya Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria aliyejenga makasri mazuri ajabu akayakaa kama mfungwa, na akafa mwaka 1886.

Julai 1972, kazi ya Ludwig ikiwa bado haijakamilika, Visconti alipigwa na kiharusi mjini Roma. Alikuwa na miaka 65. Alikuwa mvutaji wa sigara asiye na kipimo, na alikuwa amefanya kazi miezi mingi bila kupumzika. Upande wa kushoto wa mwili, mkono na mguu, ulikufa ganzi. Alipelekwa hospitali Zurich, Uswisi, na baadaye akarudishwa Cernobbio, katika lile jumba la mama yake juu ya Ziwa Como.

Tumwone hapo. Mzee mgonjwa, tajiri, asiyeoa na asiye na mtoto, katika nyumba kubwa yenye vyumba vingi, ziwa mbele yake na milima nyuma. Kila aliyemjua angeweza kukisia yatakayofuata: blanketi juu ya magoti, muuguzi, na taa katika dirisha moja. Badala yake aliagiza vifaa vya kukatia na kuunga filamu viletwe pale pale. Mafundi wakaja. Jumba likajaa mikanda, kelele za mashine, vikombe vya kahawa na mabishano, na Ludwig akakamilika na kuonyeshwa mwanzoni mwa mwaka 1973. Dada yake, Uberta, alikuwa karibu naye muda mwingi.

Basi ndipo tunaifikia filamu tuliyoanza nayo. Jina lake la Kiitalia ni Gruppo di famiglia in un interno, yaani kundi la familia ndani ya nyumba. Marafiki zake wa uandishi, Enrico Medioli na Suso Cecchi d'Amico, waliandika hadithi ambayo haitoki nje ya jumba moja, kwa sababu mwongozaji asingeweza kuhimili barabara, mvua na safari. Lancaster alirudi kushika nafasi kuu, akaahidi kwamba mgonjwa akishindwa katikati ya kazi, yeye ataiongoza filamu mpaka mwisho. Haikuhitajika.

Hadithi ni hii. Profesa mmoja mstaafu anaishi peke yake mjini Roma katika jumba alilorithi, pamoja na mtumishi wake wa kike. Anakusanya michoro ya Kiingereza ya karne ya 18 inayoonyesha familia zimeketi sebuleni. Ukutani ana familia nyingi, na nyumbani hana hata moja. Watu wa aina hii walikuwapo kweli: mwanazuoni Mario Praz, aliyefariki mwaka 1982, aliishi Roma katikati ya michoro na samani za namna hiyo hiyo, na nyumba yake leo ni jumba la makumbusho. Siku moja mama tajiri mwenye makuu anamshurutisha Profesa ampangishe ghorofa ya juu kwa ajili ya hawara wake, kijana aitwaye Konrad, na binti wa mama huyo pamoja na mchumba wake nao wanaingia. Wanabomoa kuta. Maji yanavuja juu ya dari la Profesa na kuharibu vitu vyake. Wanapiga simu saa zote, wanagombana, wanakula bila kukaribishwa. Mzee anakasirika, na bado kila wakitoka anasikiliza kama watarudi.

Usiku mmoja Konrad anavamiwa na kupigwa vibaya. Profesa anamchukua na kumlaza katika chumba cha siri ndani ya jumba, chumba ambacho mama wa Profesa alikitumia wakati wa vita kuwaficha waliokuwa wakitafutwa. Mtazamaji asiyejua habari za mwaka 1944 ataona ni chumba tu. Mimi nadhani hapo Visconti alikuwa akiizungumzia nyumba yake mwenyewe, na akikumbuka kwamba thamani ya vyumba vyake haikupata kuwa kubwa kama siku zile vilipojaa watu wenye hofu.

Mwishoni mzee anawaalika wote mezani, naye anakiri kwamba wangeweza kuwa familia yake. Amechelewa. Chakula kinageuka kuwa ugomvi wa siasa na fedha, kila mtu anaondoka, na baadaye kidogo Konrad anakufa kwa mlipuko katika ghorofa ya juu. Profesa anaugua. Kitandani anasikia nyayo zinatembea juu ya dari, katika ghorofa ambayo sasa haina mtu.

Wako watu waliosema kuwa Profesa huyo ni Visconti. Wanafanana kwa umri, kwa mali na kwa upweke wa jina kubwa. Lakini Profesa alifunga mlango ili vitu vyake visiguswe, na Visconti hakuwahi kuufunga. Nyumba yake ilikuwa na waigizaji, waandishi, mafundi na wageni hata katika miezi ya ugonjwa, na upweke aliuweka katika filamu kama mtu anayechora ramani ya nchi ya adui ambayo hana nia ya kuhamia.

Mwaka 1975 alianguka akavunjika mguu, naye akaingia katika kiti cha magurudumu. Akiwa kitini aliongoza filamu yake ya mwisho, L'innocente. Asubuhi walimsukuma mpaka mahali pa kazi amevaa nadhifu, na kazi ilianza kwa wakati kama zamani, kwa ukali ule ule wa Pinerolo. Alifariki mjini Roma tarehe 17 Machi 1976, akiwa na miaka 69, kazi ya kuiunga filamu hiyo ikiwa karibu kumalizika. Siku hiyo alikuwa pamoja na Uberta, akisikiliza muziki wa Brahms. Mazishi yalifanyika katika kanisa la Sant'Ignazio. Rais wa Italia alihudhuria, bendera nyekundu zilikuwapo, na Burt Lancaster alikuja. Miezi miwili baadaye L'innocente ilionyeshwa Cannes bila mwenyewe. Majivu yake yamewekwa katika kisiwa cha Ischia, kwenye bustani ya nyumba aliyoipenda, La Colombaia, pamoja na dada yake huyo.

Lile jumba la Cernobbio halimilikiwi tena na ukoo. Leo hutumika kwa mikutano na maonyesho, na siku za shughuli hizo madirisha yake yanayotazama ziwa huwaka karibu yote.